Mboga ya Nyuma ya Ghala

Huku kwetu Matombo hakuna aliyemwita Scholastika. Tulimwita Mama Kasiani, kwa jina la mwanawe wa kwanza ambaye ni fundi umeme Dar es Salaam. Ukitaka kujua alikuwa mtu wa namna gani, tulimchagua kuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogondogo mara tatu mfululizo, na mara zote tatu hakuna aliyetaja jina la pili. Padri akitangaza kwamba kuna mgonjwa wa kutembelewa, yeye alikuwa ameshakwenda jana yake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Gairo. Nilipohamishiwa milimani miaka tisa iliyopita, mkungu wa kwanza wa ndizi kuingia nyumbani kwangu ulitoka kwake.

Nayaandika haya kwa ruhusa yake. Aliniambia, "Andika, Mwalimu, ila usinipake mafuta."

Nyuma ya nyumba yake, hatua kama sitini hivi, kuna kiwanja cha ukoo wao. Kwa Waluguru ardhi hupitia kwa mama, na kiwanja kile aliachiwa na bibi yake. Zamani, yeye akiwa bado msichana, ukoo uliwaazima watu wa ushirika wajenge ghala la dawa za kahawa. Ushirika ukafa. Ghala likabaki na magunia yake, bati zikatoboka, masika yakaingia ndani mwaka baada ya mwaka. Ukuta ulipoanguka watu walibeba matofali na mbao. Unga mweupe uliobaki sakafuni haukubebwa na mtu, ukazama ardhini. Ulikuwa didiiti, yaani DDT, ile sumu ya wadudu ya zamani. Baadaye pakaota mihogo, na mihogo ile ililiwa.

Sisi dawa ya kuponya na dawa ya kuua wadudu tunaziita kwa jina moja. Mara nyingi huwa nafikiri kwamba nusu ya taabu yetu imo humo.

Miaka michache iliyopita alikuja Daktari Saada, mtafiti wa udongo kutoka chuo kikuu mjini Morogoro. Ni mwanamke wa Tanga, wa makamo, mwenye sauti ya chini inayokufanya usogee karibu ili umsikie. Alichimba vishimo, akachukua udongo kwenye mifuko, akarudi baada ya miezi miwili na kuitisha mkutano wa kitongoji. Alisema udongo wa pale ghalani una sumu nyingi kupita kiasi na hautasafika wenyewe hata wajukuu wetu wazeeke. Ila kuna njia ya kujaribu. Maboga, alisema, yana tabia ambayo mimea mingi haina: mizizi yake huivuta didiiti kutoka ardhini na kuipandisha kwenye shina na majani. Halafu akatuonyesha chupa yenye uji mweusi. Ulikuwa chuma kilichosagwa hadi punje zake, ukizipanga mia tano kwenye mstari mmoja, hazijazi upana wa unywele. Chuma hicho kikikutana na sumu huivunjavunja.

"Kwa hiyo ni dawa ya kuua dawa," alisema Mzee Yunusi, na watu wakacheka.

"Ni hivyo hivyo, mzee wangu," alijibu Saada. "Lakini sikilizeni vizuri. Sumu iliyovutwa na boga haijapotea. Imehama tu. Ilikuwa kwenye udongo, sasa iko kwenye boga. Yale maboga hayaliwi. Majani hayaliwi, mbegu haziliwi, mifugo haipewi. Tutayang'oa, tutayakausha, tutayapima uzito, na tutayapeleka kuchomwa kwenye tanuri maalumu."

Yakatengenezwa matuta kumi na mawili. Sita yalimwagiwa ule uji wa chuma, sita yakaachwa bila chuma ili kulinganisha. Uzio wa waya ukazungushwa, ukawekwa mlango na kufuli. Kazi ya kumwagilia na kulinda akapewa Mama Kasiani, kwa sababu kiwanja ni cha ukoo wake na kwa sababu hakuna mtu tuliyemwamini kumzidi. Alisomewa masharti, akaweka sahihi, akakabidhiwa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la khanga.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali. Ilipofika Agosti mchicha ulikuwa umekauka, matembele yamekuwa kamba tupu, na mtu aliyepata mboga za majani alizipata sokoni Morogoro. Lakini ndani ya uzio maboga yalifunika ardhi. Mama Kasiani alikuwa akipanda na kushuka kijitoni asubuhi na jioni na ndoo kichwani, na majani yalikuwa mapana kama ungo. Tulikuwa tukipita tunayatazama.

Jumapili moja zamu ya kusali ilikuwa nyumbani kwake. Alitegemea watu kumi na wawili. Jumuiya ya kitongoji cha chini ikaamua kuungana nasi bila kutoa taarifa, wakaja wakiimba, na tulipohesabiana tulikuwa thelathini na mmoja pamoja na mwenyeji. Miongoni mwetu alikuwemo Ester, mke kijana ambaye siku ile ndiyo kwanza ametoka na mtoto wake wa miezi miwili. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka likizo Gairo, nikamletea mwenyeji karanga kwenye mfuko wa rambo.

Sisi tulikuwa barazani tukisali. Yeye alikuwa jikoni akitazama sufuria moja ya maharage.

Aliniambia baadaye kwamba hakufikiri sana. Alimwona moyoni mke wa mwenyekiti wa jumuiya ya chini, anavyopenda kusimulia nyumba ipi imekula nini. Alifungua pindo, akachukua kisu, akatoka kwa mlango wa nyuma. Ndani ya uzio alisimama kidogo. Alijiambia kwamba matuta yenye chuma ni salama, chuma si kinaua sumu? Daktari mwenyewe alisema. Akakata machipukizi ya matuta yote sita ya chuma, kidogo huku na kidogo kule ili isionekane, akajaza beseni. Alimenya nyuzi, akakatakata, akapika kwa karanga zangu.

Nilikula sahani mbili. Sijui kama nimewahi kula mboga tamu kama ile tangu nihamie milimani. Ester aliongezwa mara mbili pia, kwa sababu mama anayenyonyesha huongezwa. Mwenyeji wetu alizunguka na bakuli, akipakua, akisihi watu waongeze.

"Na wewe kaa ule, mama," Ester alimwambia.

"Nimeshiba moshi wa jikoni, mwanangu. Nyie kuleni."

Tukacheka, tukamsifu. Mtu mmoja aliuliza mboga imetoka wapi kiangazi hiki, akajibu kwamba aliletewa na ndugu yake wa mtoni.

Wiki mbili zikapita. Daktari Saada akaja na mizani yake na madaftari. Mama Kasiani alimfungulia mlango, na mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimewaleta wanafunzi wa darasa la sita wajionee. Saada aliinama kwenye tuta la kwanza la chuma, akashika shina, akalitazama kwa muda. Akaenda la pili. Akaenda la tatu. Matuta yasiyo na chuma hakuyagusa sana. Akarudi.

"Mama, haya yamekatwa."

"Yamekatwa?"

"Ncha hazipo. Na ni kwenye matuta ya chuma tu. Nikipima hivi yalivyo, hesabu itasema chuma kinadumaza mmea, kumbe si kweli. Nani ameingia humu?"

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na Mama Kasiani, nikaona mkono wake umelishika pindo la khanga penye ufunguo. Upande wa pili wa bonde mbuzi alilia. Ni jambo dogo hilo, mbuzi kulia, hulia kutwa nzima.

"Labda ni mbuzi," alisema. "Hao wa Yunusi. Nadhani."

Mzee Yunusi ni jirani yake wa kuvuka kijito, Mwislamu, mfugaji wa mbuzi wa maziwa. Zaidi ya ujirani, alikuwa mtani wake wa ukoo. Kwa Waluguru mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako usikasirike, na ukifa ndiye anayeshughulikia mazishi yako huku akikusema vibaya hadi waombolezaji wacheke. Kila asubuhi Yunusi alipopita alikuwa akipaza sauti, "Mchawi wa maboga umeamka? Bado hujafa tu?" Naye Mama Kasiani alikuwa akijibu kutoka jikoni, "Nife nani atakuzika wewe, mzee wa kunuka beberu?"

Saada hakuwa na njia nyingine. Mbuzi waliokula mimea ile hawangeweza kukamuliwa wala kuchinjwa hadi maziwa yapimwe, kwa sababu sumu ya namna hiyo hukaa kwenye mafuta na kutokea kwenye maziwa. Akaenda ofisi ya kijiji. Barua ya kumzuia Yunusi kuuza maziwa iliandikwa, na aliyeombwa kuiandika, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka, ni mimi. Niliandika "mbuzi wake walioingia shambani" kama vile nimewaona kwa macho yangu.

Yunusi alisoma barua akiwa amesimama. "Mbuzi wangu hufungwa kamba," alisema. "Nyote mnajua nawafunga kamba."

Upande mmoja alikuwa mfugaji wa mbuzi, upande wa pili alikuwa Mama Kasiani. Tulichagua bila kujua kwamba tumechagua. Watu waliokuwa wakichukua maziwa kwake walianza kupita njia ya juu. Alikuwa amemtenga beberu mmoja kwa ajili ya akika ya mjukuu wake, na akika ile ikaahirishwa, wageni wakapigiwa simu wasije.

Zilipita kama siku kumi. Ester alikuja kwa Mama Kasiani na mtoto mgongoni. Shikamoo, marahaba. Akasema, "Mama, ile mboga ya siku ile, ndugu yako wa mtoni hana nyingine? Maziwa yangu yalijaa kweli kweli." Mama Kasiani alimtazama yule mtoto, shavu limelalia mgongoni mwa mama yake, akasema mboga zimekwisha.

Alisema angeweza kustahimili hata hilo. Kilichomshinda kilikuja Ijumaa yake. Alisikia mtu anagonga kitu kule uzioni, akatoka, akamkuta Yunusi ameleta mianzi, amepiga magoti, anaizidishia waya fito kwa chini ili mbuzi asipenye.

"Kaka Yunusi, unafanya nini?"

"Nafunga huku chini." Hakugeuka. "Nimefikiri sana, dada. Sikuona kamba iliyokatika, lakini binadamu huwa haoni kila kitu. Ikiwa mbuzi wangu wameharibu kazi ya watu, nisamehe. Mwambie na yule daktari anisamehe."

Alimwita dada. Hakumwita mchawi. Tangu barua ile hakuwa amepaza utani wake hata asubuhi moja, na Mama Kasiani alikuwa ameusikia ukimya huo kila siku akiwasha moto.

Alifungua mdomo amwambie. Akasema, "Nikuletee maji ya kunywa?" Akaenda ndani, akajaza kikombe, akasimama katikati ya jiko na kikombe mkononi mpaka Yunusi akamaliza kazi na kuondoka.

Kesho yake kulipopambazuka aliomba nafasi kwenye fuso la ndizi linalokwenda mjini. Alifika chuoni na vumbi hadi kwenye nyusi, akauliza kwa walinzi, akaelekezwa kwenye kibanda cha nailoni ambako Saada alikuwa akimwagilia miche kwenye vikopo.

"Shikamoo mama! Kuna nini, kuna usalama?"

"Marahaba. Usalama hakuna." Akakataa kiti. "Si mbuzi. Ni mimi. Nilikata nikawapikia watu wa jumuiya, watu thelathini."

Saada aliweka chini kopo la maji. Hakupaza sauti. Aliuliza tarehe, akauliza kiasi, akauliza kama kulikuwa na wajawazito au wanaonyonyesha, akaandika jina la Ester. Mama Kasiani alijibu yote. Kisha akajitetea, na akinisimulia sehemu hii alitazama pembeni. Alisema, "Lakini nilikata kwenye chuma tu, daktari. Niliamini kule pameshapona. Ulisema chuma kinaivunja sumu. Ningejua pana hatari nisingefanya."

Saada alimtazama. "Na wewe mwenyewe, mama, ulikula?"

Alisema hapo ndipo alipotafuta kile kiti alichokikataa.

Kwa sababu hakula. Alipakua sahani thelathini, akasonga ugali mara ya pili, akakaa jikoni akala ukoko na mchuzi wa maharage. Hakuna aliyemkataza kula ile mboga, mkono wake mwenyewe ndio uliokataa. Alikuwa amejua. Siku zote zile alikuwa akijiambia hakujua, na swali moja lililoulizwa kwa upole lilitosha kumvua nguo.

"Sikula," alisema.

Saada alirudi kuchukua kopo, akamwagilia miche miwili mitatu, nadhani ili apate la kufanya. Halafu akasema, "Mlo mmoja si wa kuua mtu, wala mtoto. Ester aendelee kunyonyesha, asiache hata siku moja. Nitakuja mwenyewe kumweleza. Lakini sumu hii haitoki mwilini upesi, na sitakwambia kwamba hukufanya kitu. Majani niliyochukua nimeshayapima. Yale ya chuma yana sumu pungufu kuliko yale mengine. Pungufu, mama. Si kwamba haimo."

"Na Yunusi?"

"Majibu ya maziwa yalitoka jana. Ni safi. Nilikuwa nakuja Jumatatu kusema hivyo. Ungeningoja, ungejulikana tu."

"Sikujua kama yametoka."

"Najua hukujua," alisema Saada. "Ndiyo maana bado naongea na wewe."

Akamwomba ufunguo. Mama Kasiani alipata shida kufungua pindo kwa vidole vyake, hadi Saada akamsaidia.

Jumapili iliyofuata, baada ya sala, alisimama mbele yetu. Hakulia. Alisema alichofanya kwa maneno machache, akataja kwamba yeye hakula, akaomba radhi, na akasema tutafute mwenyekiti mwingine. Ester alimpakata mtoto wake akamfunika kwa kitenge kichwa chote, kama vile sumu iko hewani. Mtu wa nyuma alicheka kwa hasira. Mimi niliikumbuka ladha ya zile karanga na nikaona aibu yangu binafsi, kwani ile barua ilikuwa na mwandiko wangu. Hakuna aliyemtukana, na nafikiri angependa mtu amtukane.

Tulipotoka alivuka kijito kwenda kwa Yunusi, nami nikamfuata, kwa kuwa na mimi nilikuwa na la kwangu. Yunusi alikuwa akimtoa mbuzi kupe. Alimsikiliza hadi mwisho bila kuacha kazi.

"Nilipiga magoti kwenye uzio wako," alisema alipomaliza. "Na wewe ulisimama unanitazama."

"Ndiyo."

"Ukaniuliza kama nataka maji."

"Ndiyo, kaka."

Alitupa kupe kwenye kopo la mafuta ya taa. "Ungeniua mbuzi wote ningekudai mbuzi. Sasa hiki ulichoniua nikudai nini?" Hakungoja jibu. Mimi nilisema langu kuhusu barua, akanijibu, "Wewe, Mwalimu, andika nyingine." Niliandika siku ile ile, nikaibandika kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, nikapita nyumba kwa nyumba kuisoma kwa wale wasiosoma. Maziwa yalianza kununuliwa tena, taratibu. Akika ilifanyika mwezi wa kumi. Mama Kasiani hakualikwa. Alituma mkungu wa ndizi na mkungu ukapokelewa.

Utani haukurudi. Yunusi humsalimia kwa adabu kabisa, "Umeamkaje, dada," kama anavyowasalimia wake za watumishi wa serikali.

Saada alipanda upya masika yaliyofuata, kwani msimu ule wa kwanza aliuandika kwenye ripoti kuwa umeharibika na akaeleza sababu bila kutaja jina. Ufunguo sasa hukaa kwa mtendaji wa kijiji. Lakini maji lazima yabebwe, na anayeyabeba ni yuleyule. Aliomba mwenyewe. Hufunguliwa asubuhi, humwagilia huku mtu mwingine amesimama langoni akimtazama, kisha hufungiwa nje. Nilimuuliza kwa nini anakubali kusimamiwa hivyo kwenye ardhi ya bibi yake. Akasema ameshazoea, halafu akasema si kweli, hajazoea.

Vipimo vya mwisho vilisomwa mkutanoni mwaka huu. Kwenye matuta yenye chuma na maboga kwa pamoja sumu imeshuka kwa theluthi moja na ushei. Kwenye maboga matupu imeshuka kidogo mno. Saada alisema ni mwanzo mzuri, ila bado tuna misimu mingi ya kupanda tusichokula, na akauliza kama kuna mwenye swali. Walikuwepo wageni, wakulima wa mpunga kutoka Dakawa waliokuja kujifunza. Mmoja wao, kijana wa kike, akauliza kama kweli kuna mtu anaweza kula mimea ile baada ya kuonywa hivyo.

Sisi wenyeji tulitazama chini. Mama Kasiani alikuwa amekaa mwisho wa benchi upande wa wanawake, akainuka, akajitanda khanga yake vizuri.

"Anaweza," alisema. "Ngoja nikueleze."

Akaanza na ile sufuria moja ya maharage. Yunusi, aliyekuwa karibu na mlango, hakutoka nje. Alibaki amesimama, fimbo mkononi, akisikiliza.